Singa Tuliyoifunga Mabalako

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Atelie yangu, karakana ndogo, iko Kimemi, hapa Butembo, kando ya barabara inayoteremka kuelekea soko, na kwa miaka mingi nilitengeneza milango, madirisha na mageti tu. Katika mji wetu kila anayepata kitu kidogo hujenga, na kila anayejenga huogopa wezi, kwa hiyo kazi haikukosa. Kupanda juu angani, kukaa kwenye chuma nilichokichomelea mwenyewe na kutazama mabati ya kartie yangu, mtaa wangu wote, chini ya miguu, hilo sikuwahi kulifikiria. Liliingia maishani mwangu pamoja na Prof.

Huku kwetu mwalimu wa sekondari tunamwita Prof, naye hakuwa na jina lingine midomoni mwetu. Alikuwa mtu wa Kasai, mwembamba, mrefu, aliyeletwa na serikali kufundisha fizikia, na alikodi nyumba avenyu moja na sisi. Alifika atelie siku moja akiwa na kipande cha chaki mfukoni, akachuchumaa, akachora sakafuni kitu kama ngazi yenye pande tatu, mnara wa chuma.

“Unaweza kutengeneza pilone kama hii?”

“Naweza. Ni ya kanisa? Ya redio ya mji?”

“Hapana. Yangu. Ya kuongea.”

Nilidhani anatania. Alinieleza kwamba duniani kuna watu wanaopenda kuongea kwa redio bila kulipwa na bila kutafuta faida, yeye ni mmoja wao, na karatasi ya ruhusa anayo. Mmoja anaita hewani, mwingine anajibu kutoka nchi ya mbali, na huenda hawatawahi kukutana, wanaambiana mji wao na hali ya mvua, wanaulizana antena ikoje, wanaagana.

“Halafu?” nikamwuliza.

“Halafu basi,” akasema, akacheka.

Tulichimba shimo nyuma ya nyumba yake, tukamwaga zege, tukasimamisha mguu wa kwanza. Vipande vingine tulivipandisha kimoja juu ya kingine kwa kapi iliyofungwa kwenye mti mrefu. Kila tulipoongeza kipande tulikivuta kwa kamba za chuma pande tatu, tukazikaza mpaka Prof aliporidhika. Alikuwa anazipiga kwa kiganja na kuzitazama zinavyotetemeka. Kamba iliyolegea, alisema, inaua, na iliyokazwa kupita kiasi inaua pia, ila inachelewa. Alinifunza kupanda. Mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, kamwe pungufu ya hapo, na mshipi ufungwe kabla ya kushika spana. Mara ya kwanza kufika juu niliufunga mshipi mara mbili. Niliona mji wote, vilima vyake na vumbi lake, na nikawa mtu mwingine kidogo.

Majirani hawakupenda. Wakati ule, kama sasa, watu wa upande wa Beni walikuwa wanauawa mashambani, na kila mtu alikuwa anatafuta nani anawapasha habari wauaji. Mgeni wa kutoka mbali, chuma kirefu, redio ya kuongea: watu walijumlisha wenyewe. Mkubwa wa avenyu alikuja, na baada yake mtu wa usalama, akaangalia karatasi za Prof mbele na nyuma, akaondoka bila kuridhika. Aliyemwokoa Prof alikuwa dada yangu.

Dada yangu alikuwa kitinda mimba wetu. Baba alikufa angali mdogo, na mimi mkubwa ndiye niliyemlipia masomo ya uuguzi. Alikuwa na ulimi mwepesi na hakuogopa mtu. Aliwakusanya mama za avenyu, wengine wakiwa na watoto mgongoni, akawapeleka mpaka chini ya dirisha la Prof. “Prof, fungua hiyo kitu yako tusikie hao ba-rebelles, waasi wako,” akamwambia. Prof akafungua dirisha, akaongeza sauti. Kilichosikika kilikuwa mzee wa nchi fulani akizungumza polepole lugha isiyojulikana, akikohoa, akinyamaza, akikohoa tena. Mama wale walisikiliza kikohozi kile kwa muda. Kisha mmoja akasema, “Ah, huyu Prof ni mutu mupweke tu,” wakacheka, wakarudi kwenye masufuria yao. Tangu siku hiyo walimletea chakula, fufu na sombe.

Dada alipomaliza shule, alipewa kazi kwenye kituo kidogo cha afya kule Mabalako, mbele ya Mangina, katikati ya mashamba ya kakao. Zilikuwa zimepita siku za Ebola, na watu wa kule walikuwa bado wanamwangalia mganga yeyote kwa jicho la pembeni. Yeye alifurahi. Mama hakufurahi. Mnara wa simu wa upande ule ulikuwa umechomwa na haujatengenezwa tena, kwa hiyo dada alipoondoka ilikuwa kama amezama majini. Tulipata habari zake kwa wafanyabiashara wa kakao na kwa watu wa pikipiki, habari za wiki nzima zilizochakaa. Mama alianza kuamka na macho mekundu.

Prof ndiye aliyetoa wazo. Alikuwa na redio ya zamani, aina ile ambayo parokia na misheni zetu zinaiita foni. Aliitengeneza, akaenda kwa wakubwa wa afya kuomba ruhusa, akarudi nayo. “Ndeko, ndugu yangu, tayarisha mabomba ya chuma,” akaniambia. “Tunaenda kwa petite, mudogo wako.”

Tulikwenda kwa pikipiki mbili kupitia Beni, mabomba yamefungwa ubavuni, mzingo wa singa, waya wa antena, begani mwangu kama kapu. Kwenye kizuizi kimoja askari aliweka kidole juu ya singa. “Oyo nini?” Prof alimjibu kwa Kilingala chake, wakagundua wote wawili wako mbali na kwao, askari akamwomba sigara ambayo Prof hakuwa nayo, tukapita.

Nilikuwa nimeleta mabomba mengi, kwa sababu kati ya Butembo na kule kuna milima mitupu, nikadhani tutajenga mnara mrefu kuliko wa kwanza. Prof akatikisa kichwa.

“Kama munaongea mbali sana, singa inapanda. Lakini kama ni karibu na milima iko katikati, singa inakaa chini. Sauti inaruka juu kabisa, halafu inaanguka kama mvua. Umeona wapi mvua inazuiwa na mulima?”

Basi tulisimamisha mlingoti mfupi karibu na chumba cha kujifungulia. Singa ilitoka juu yake ikashuka pande mbili, upande mmoja kwenye mparachichi, upande wa pili kwenye nguzo tuliyoichimbia. Vizuio vya umeme vya kwenye ncha za singa nilivikata kwenye bomba la maji la plastiki. Pale waya mnene unapoungana na singa, mahali ambapo mvua hupenda kuingia, tulizungushia vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, tukavikaza kama bandeji. Dada mwenyewe alishika kamba chini wakati mimi niko juu, huku wagonjwa wamejipanga ukutani wakitutazama.

“Yaya, hapana anguka!” alipiga kelele, akiniita yaya kama tunavyomwita kaka mkubwa. “Vitanda vyote vimejaa leo. Utalala chini!”

Prof alikuwa amemfunza mama namna ya kutumia redio ya nyumbani kwake, akamwachia ufunguo wa nyumba. Tulipounganisha betri na dada akabonyeza kipaza sauti akaita, palikuwa na mvumo tu, kama maji. Akaita tena. Kisha sauti ya mama ikatoka, ndogo, kavu, lakini ni yake, na salamu ya Kinande. “Wavukire, mwana wangu! Wavukire!” Alisahau kuachia kitufe, kwa hiyo tulimsikia akifukuza kuku aliyeingia ndani ya nyumba ya Prof, kisha akimwambia mtu mlangoni kwamba anaongea na Mabalako, anyamaze. Dada alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, mkono kifuani. Namkumbuka hivyo zaidi kuliko namna nyingine yoyote.

Kuanzia hapo kila asubuhi kabla ya Prof kwenda shule, mama alivuka avenyu na kitenge chake begani. Mazungumzo yao hayakuwa na kitu kikubwa. Dada alisema nani amejifungua, mvua imenyesha vipi, panya amekula sabuni. Mama aliuliza, “Umekula?” Asubuhi zote aliuliza hivyo, hata kama dada amekwisha kumwambia alichokula. Wakati mwingine dada aliomba dawa fulani, na Prof alipeleka ujumbe kwa wakubwa wa afya njiani akienda kazini. Mama mmoja aliyekuwa anavuja damu aliwahi kubebwa mpaka Beni kwa sababu ya singa ile. Mimi nilikuwa napita pale siku nyingine, nasimama mlangoni na kikombe, nasikiliza, narudi kwenye mageti yangu.

Na nilitunza vile vyuma. Msimu wa kiangazi nilipanda mnara wa Prof kusugua kutu na kupaka rangi, baada ya mvua kubwa nilikaza kamba, kwa maana udongo wetu mwekundu ukilowa unaachia. Mabalako nilikwenda mara kadhaa. Safari moja radi ilikuwa imepiga karibu ikachoma kitu ndani ya redio. Prof akaitengeneza, mimi nikachimbia chuma kirefu ardhini na kukiunganisha na mlingoti ili radi nyingine ipate njia ya kushuka. Dada alinitazama nikichimba, akasema, “Yaya, unanijengea ngome.”

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu Butembo, na mimi nilikuwa nimefika kwa Prof kwa sababu ya kamba moja iliyolegea. Sauti ya dada ilitoka mapema kuliko kawaida, mama ndiyo kwanza ameketi.

“Butembo, Butembo. Watu wanapita hapa tangu kucha. Bako na matandiko kichwani. Wanasema wale wa porini wameingia mu kijiji ya juu.”

Nilimnyang'anya Prof kipaza sauti. “Toka sasa. Panda pikipiki yoyote. Acha vyote.”

“Yaya, niko na mama moja hapa. Mutoto iko njiani. Hawezi panda pikipiki, hawezi tembea.”

“Nimesema toka!”

“Mi hapana mwacha.”

Hakuwa amekasirika. Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua inanyesha. Mama alinyoosha mkono, nikampa kipaza sauti, na mama yangu, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikishika tu mbele ya mdomo na hakuna kilichotoka. Tulisikia mvumo. Kisha dada akasema taratibu, “Mama, umekula?”

Mama akabonyeza kitufe, akakiachia. 

“Betri iko nzuri,” dada akasema. “Nitaita tena mutoto akitoka.”

Prof hakwenda shule siku hiyo. Aliita mpaka sauti yake ikakauka, nikampokea, nikaita mimi. Jioni watu waliofika Beni walisema kijiji kimechomwa, kuna waliokufa na kuna waliopelekwa msituni wakiwa wamefungwa kamba, lakini hakuna aliyejua lolote juu ya kituo cha afya.

Barabara ilipofunguliwa tulikwenda, mimi na Prof, nyuma ya gari la askari. Mlango wa kituo ulikuwa umefunguliwa wazi, dawa zimebebwa, redio imebebwa, betri pia. Katika chumba cha kujifungulia kulikuwa na beseni lenye maji machafu yaliyokauka pembeni na mkasi uliooshwa, umewekwa juu ya kitambaa safi. Hivyo nikajua mtoto alizaliwa, na kwamba dada alipata muda wa kuosha mkasi. Mzee mmoja mkulima aliyekuwa amejificha kwenye kakao alituambia aliwaona wakipitishwa na watu wenye bunduki: muuguzi mbele, nyuma yake mwanamke akiwa amebeba kitu kidogo ndani ya kitenge. “Alikuwa anatembea mwenyewe, yule binti yenu,” akasema. Alirudia hilo mara kadhaa, akiamini linatusaidia.

Mlingoti ulikuwa umesimama vile vile. Singa walikuwa wameikata chini na kuondoka na sehemu kubwa, labda ya kufungia watu, labda ya kutegea wanyama. Kipande kilichobaki kilikuwa kinaning'inia kutoka juu. Nilipanda. Prof aliniuliza napanda kufanya nini na kweli hapakuwa na kazi yoyote ya kufanya juu kule. Sikuwa hata na mshipi. Nilishika chuma kwa mikono miwili nikalia huko juu, uso wangu ukiwa umeelekea msitu. Prof alisimama chini ameshika mguu wa mlingoti kama mtu anayezuia ngazi, mpaka niliposhuka.

Miezi ikapita bila habari. Mtu akifa kwetu watu wanakuja, wanawasha moto uani, wanalala kwenye mikeka, wanaimba, na jamaa wanapika. Matanga yana mwanzo na mwisho. Sisi hatukuwa na matanga. Shangazi zangu walipokuja wakaanza kulia mlangoni, mama aliwafukuza. “Hapana lilia mutu hajakufa,” aliwaambia, na kwa muda mrefu hawakurudi. Kila asubuhi alivuka avenyu na kitenge chake begani, Prof akawasha redio, akaita Mabalako, akangoja, akaita tena. Mama alikaa kwenye kiti kile kile. Kisha Prof alizima, akaenda shule, na mama akarudi nyumbani.

Mimi sikuweza kuvumilia. Siku moja nilimsubiri Prof njiani akitoka kazini.

“Acha kuita,” nikamwambia. “Redio wameiba. Nani atajibu? Kila asubuhi unamuua mama yangu.”

Alisimama na vitabu vyake kwapani. Alikuwa amezeeka mwaka ule.

“Ndeko, mimi najua hakuna redio kule. Mama naye anajua. Nilimwambia siku ya kwanza.” Akatazama chini. “Kwetu Kasai, wakati wa vita, mudogo wangu alitoka asubuhi kununua mafuta. Hakurudi. Sikupata mahali pa kwenda kumuita. Nilitembea tu mu nyumba. Mama yako alinipata njiani, akasema, Prof, niachie nafasi nimuite mwanangu. Donc sasa, ningemwambia nini?”

 Kesho yake nilikwenda nao, nikakaa chini mlangoni nikisikiliza mvumo.

Msimu wa mvua ulipita na mwingine ukaja. Kisha mchungaji wa kanisa letu kule Beni alinipigia simu. Askari walikuwa wamefika kwenye kambi moja ya msituni, mateka kadhaa wametoka, wamepelekwa Mavivi, karibu na uwanja wa ndege, na kati yao kuna mwanamke anayetaja muuguzi wa Mabalako. Sikumwambia mama. Nilimwambia nakwenda Beni kutafuta mabomba.

Ofisa aliyenipokea alikuwa mtu wa jimbo la Ekwateri, mpole, na macho ya mtu asiyelala. “Ndeko, vanda,” akaniambia, akanionyesha benchi. Mwanamke aliletwa. Alikuwa kijana kuliko nilivyofikiria, miguu yake imevimba, na alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwisha kuanza kutambaa. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye kiatu changu, akaanza kuvuta kamba yake.

Mwanamke alinitazama usoni. “Wewe ni yaya wake,” akasema. “Ule wa machuma. Alikuwa anasema juu yako.”

Alinieleza bila kulia. Walitembea, hakujua wapi, kwenye miti tu. Yeye alikuwa ametoka kujifungua na alitaka kukaa chini afe, na kila alipotaka kukaa dada alimshika kiuno na kumwambia atembee, sababu anayekaa anauawa. Alimbebea mtoto. Huko kambini wale wa porini walimfanya dada atibu watu wao, na alitibu, na usiku alitibu mateka kwa siri kwa majani na maji ya moto. Alizalisha wanawake wengine. Kisha homa ilimshika, kukiwa hakuna dawa yoyote, kwa sababu zile za kituo zilikuwa zimekwisha.

“Alikaa na homa kwa muda?” nikauliza.

“Haikukawia.”

“Alisema kitu?”

Alifikiri. Nadhani alitaka kunipa kitu, akakataa kudanganya. “Alisema anasikia baridi. Tulimufunika na vyote tulikuwa navyo. Asubuhi tukamuzika pembeni ya mto, sisi banamuke, na mikono. Hawakutukataza.”

Nilimwuliza kama anaweza kujua mahali pale tena. Akasema hapana, mto ni mmoja kati ya mito mingi, na miti ni ile ile. Mtoto alikuwa amefungua kiatu changu. Nilimwinua nikamweka magotini, mzito, mwenye afya.

Nilifika nyumbani mchana. Mama alikuwa anachambua maharagwe, akanitazama nikiingia mikono mitupu.

“Haukwenda kutafuta mabomba,” akasema.

“Hapana, mama.”

Aliweka ungo chini pole pole, maharagwe yasimwagike. Nilimweleza yote kama nilivyoelezwa, hata baridi, hata mikono ya wale wanawake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Mutoto yuko mzima?” Nikasema yuko mzima, ni mzito. Mama akasema, “Wasingya,” asante, kwa Kinande chetu, na sijui alikuwa anamshukuru nani. Halafu akaanza kulia, kwa sauti kubwa, na shangazi zangu walimsikia kutoka upande wa pili wa avenyu wakaja wakikimbia.

Tulifanya matanga bila mwili. Waliimba nyimbo za kanisa uani, mchungaji akasoma, moto ukawaka. Prof hakugusa redio siku zile. Alivua koti lake la kufundishia akapasua kuni, akachemsha chai ya watu wote, na mama wale wa avenyu waliomwita mpweke walimnyang'anya shoka akawa anakataa. Yule mwanamke alifika kutoka Beni na mtoto wake mgongoni. Mumewe alikuwa amekufa siku ile kijiji kilipochomwa, na hakuwa na pa kukaa. Mama alimpa mkeka karibu na wake, na matanga yalipokwisha hakuna aliyemwambia aondoke.

Prof alihamishwa baadaye. Tulishusha pilone yake kwa siku nzima, kipande kwa kipande, yeye juu na mimi chini, kwa sababu alitaka kuwa wa mwisho kupanda. Alinishika mkono kwenye stendi ya magari, akanishika mkono tena, akapanda gari. Ananiandikia kwenye simu siku nyingine. Anasema mji aliko ni tambarare na antena inasikia vizuri.

Kituo cha Mabalako kilipofunguliwa tena wakubwa wa afya waliniita, maana mnara wa simu bado. Nilikwenda na singa mpya na redio waliyonipa. Yule mwanamke alikuwa anarudi kwenye shamba lake la kakao, watu wa kijiji chake wameanza kurudi na yeye hakutaka kupoteza mavuno, kwa hiyo tulisafiri pamoja, yeye na mtoto wake. Na mama akasema naye anakuja. Nilimkatalia, akapanda pikipiki.

Muuguzi mpya ni kijana aliyetoka Kisangani. Alitupokea vizuri, akashika kamba chini nilipopanda, akauliza maswali mengi juu ya redio, na nilimjibu yote aliyouliza. Nilifunga singa juu, nikazungushia mpira wa gurudumu kwenye maungio, nikakaza kamba za pande tatu na kuzipiga kwa kiganja. Kutoka juu nilimwona mama akiingia katika chumba cha kujifungulia. Alikaa ndani kwa muda. Alipotoka alikuwa na fagio la njiti mkononi. Alianzia mlangoni, akainama, akafagia majani ya mparachichi, akafagia ua wote mpaka kwenye njia ya barabarani, wakati mtoto anamfuata nyuma akitawanya yale aliyokusanya. Hakumkemea. Alimaliza, akaegemeza fagio ukutani, akaomba maji ya kunywa.